Kwa Nini Mtoni Tunaita "Reli!"

Vijana wangu mnaovuta kamba ya wavu hapa mto Mkondoa, najua mnanicheka. Juzi nilipita pale kwenye kona ya mto na fimbo yangu, nikamsikia mmoja wenu akiwauliza wenzake, "Hivi maji yakijaa tunaita 'Reli!' kwa sababu gani? Reli yenyewe iko kule Kilosa mjini!" Mwenzake akamjibu kwamba ni lugha ya wazee tu, wazee walikuwa na mambo mengi. Mkacheka wote. Sikusimama, maana nilikuwa nimebeba unga na jua lilikuwa kali, ila lile swali lilinikaa kifuani hadi nyumbani. Leo mgongo unaniuma, sina pa kwenda, basi nitawajibu.

Kwanza mjue kazi yangu ilikuwa ipi, maana wengine mmezaliwa mkanikuta nimeshaiacha. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kukaa. Wenzangu waliingia majini hadi kifuani wakakokota wavu, mimi nilikaa juu ukingoni nikatazama mto, na samaki wakigawanywa nilipata fungu langu. Mke wangu Veronika alikuwa akiwaambia majirani, "Mume wangu anafanya kazi ya kutazama. Akirudi nyumbani amechoka macho." Walimcheka, naye akacheka nao, na samaki akakaanga.

Lakini sikuzaliwa mtazamaji. Mimi ni mtoto wa manamba, wale vibarua wa mkonge walioandikwa kwa namba. Baba yangu alitoka Songea kuja kukata mkonge, nami nikazaliwa kambini upande wa Rudewa, nikakua nikisikia harufu ya mkonge uliosagwa, na nilipopata nguvu nikaingia kwenye matoroli. Kulikuwa na reli ndogo shambani, na matoroli yakipakiwa majani ya mkonge yalisukumwa hadi kinuni. Kazi ile ilikuwa na hatari moja kubwa. Toroli lililojaa likikatika mteremkoni halina breki wala huruma. Sasa huna muda wa kusema, "Jamani, tokeni njiani, kuna toroli linakuja." Ukiliona linakimbia unaita neno moja tu: "Reli!" Na kila mtu anayelisikia anaruka pembeni kabla hajajua kwa nini ameruka. Ukisubiri ujue, umechelewa. Watoto wa kambini tulilijua neno lile kabla ya kujua kuhesabu.

Halafu ukaja wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa huru. Ninyi mmekuta maduka yamejaa mkadhani yalizaliwa hivyo. Sisi tulitoka kwenye kupanga foleni ya sabuni, mara tukaona Magomeni pale Kilosa kila kibanda kina sabuni za rangi tatu, redio, viatu vya mitumba, na mashati yenye maandishi tusiyoyaelewa. Ilikuwa raha, sitadanganya. Ila kambini kwetu mambo yalikwenda kinyume. Kadiri maduka yalivyojaa, ndivyo kambi ilivyopungua. Tukaitwa mmoja mmoja, tukaambiwa tumepunguzwa, shamba linatafutiwa mwenyewe mwingine. Shemeji yangu akaenda Mikumi kuuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu. Mimi na Veronika tukabeba godoro na sufuria, tukaja huku chini Mkondoa unapotoka milimani na kutanuka, tukaomba eneo la kulima.

Tulipewa. Watu wa tambarare hii si wachoyo. Ila mahindi hayaivi kwa sababu una njaa, na tulikuwa na watoto watatu. Kijiji kilikuwa na wavu mmoja mkubwa wa kukokota, na kila nyumba iliyokubaliwa ilikuwa na mkono mmoja kwenye kamba. Ukiwa na mkono una fungu. Usipokuwa na mkono, unanunua au unaangalia wenzako wanavyokula. Mwenye kusema nani aingie alikuwa Mzee Seifu.

Mzee Seifu, Mungu amrehemu, alikuwa mfupi, mwenye miguu iliyopinda kidogo, na ulimi wa pilipili. Familia yake ilikuwa hapa kabla ya reli, kabla ya mkonge, kabla ya yote. Alijivunia jambo moja kuliko hata hija ya kaka yake: hakuwahi kukanyaga shamba la mkonge. "Mimi sijaandikwa namba na mtu," alisema. Nilipokwenda kwake nikainama nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama mikono.

"Wewe manamba?"

"Ndiyo, mzee. Nilikuwa kwenye matoroli."

"Huku hatuna toroli. Huku tuna mto. Utaweza kunyamaza?"

Nikadhani ananitania. Nikasema nitaweza. Akanipa mkono wa majaribio hadi masika, na kuanzia siku hiyo jina langu la ubatizo likafa. Nikawa Manamba hadi leo, na hata ninyi mnaniita Babu Manamba bila kujua ni tusi la mtu mmoja aliyekuja kunipenda baadaye.

Sasa niwaeleze kunyamaza kwenyewe, maana naona mnavua mkipiga soga na kuweka muziki. Mtoni kulikuwa na miiko ya maneno. Mamba hatajwi. Ukimwona unasema "gogo." Na samaki naye hatajwi hadi wavu uwe mchangani. Mtu akikuuliza mmepata nini, awe mwenzako kwenye kamba, awe mpita njia, awe mwenyekiti wa kijiji, jibu ni moja: "Maji tu." Kamba ikiwa nzito mpaka mishipa ya shingo inatoka, mmoja atauliza, "Vipi huko?" na mwingine atajibu, "Maji tu," na wote wanajua kwamba leo watoto watashiba.

Nilimuuliza Mzee Seifu sababu. Siku moja akasema samaki ana masikio. Siku nyingine akasema ni husuda za watu. Mara ya tatu akasema nikiuliza tena atanitupa mtoni. Sababu ya kweli niliipata kwa kukosea.

Ilikuwa wiki yangu ya pili. Wavu wetu ulikuwa wa nyuzi zilizosokotwa kwa mkono, mzito ukilowa, na mawe yamefungwa kwenye kamba ya chini ili ikae mchangani. Mzee Seifu alishika mti wa kwenye ncha ya wavu, akazunguka nao upande wa kina, wengine wakapiga maji kwa fimbo kutoka juu kuwashusha samaki, na sisi kwenye kamba tukavuta pole pole huku nyayo zetu zikikanyaga kamba ya chini isiinuke. Mara nikahisi kitu kinanipiga miguuni. Kikanipiga tena. Kambale, tena si mmoja, walikuwa wanagongana na magoti yangu! Nilikuwa na miezi sijamlisha mke wangu kitu cha kujivunia. Nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote:

"Samaki!"

Mkitaka kujua kwa nini neno hilo halitajwi, sababu ndiyo hii. Kila mtu aligeuka kutazama. Aliyegeuka akainua mguu. Wa mbele wakavuta haraka kwa furaha, kamba ya chini ikaruka juu ya mchanga, na wale kambale wakapita chini yake kama watoto wanaotoka shule. Tulipofikisha wavu mchangani, ndani yake mlikuwa na perege wawili wa ukubwa wa kidole na kiatu cha mtu.

Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo liliniuma. Mzee Seifu akakunja wavu taratibu, kisha akasema bila kuniangalia, "Manamba, kesho kaa kule juu ukingoni. Utatazama magogo."

Kazi ya ukingoni ilikuwa ya wagonjwa na wazee wasio na meno. Fungu lake lilikuwa la mwisho. Mnajua bado mnavyogawa: mmoja anageuka kisogo, mwingine anashika fungu na kuuliza, "Hili la nani?" na aliyegeuka anataja jina bila kuona. Ni haki nzuri sana. Ila mtazamaji hakuwamo kwenye kutajwa, alichukua kilichobaki. Nilirudi nyumbani na kitoga mmoja mwembamba. Veronika akamgeuza huku na huku, akasema, "Huyu naye kapunguzwa kazini?" Nikacheka, kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimefukuzwa na shamba, na sasa mto nao ulikuwa unanifukuza. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kurudishwa kwenye kamba.

Nikaamua kwamba kama ni kutazama, nitatazama hadi wanionee haya. Lakini kutazama mto nako kuna kukosea. Siku ya tatu nikaona gogo linashuka, gogo hasa, la mti, nene, lingeweza kumvunja mtu mbavu. Nikaita, "Gogo! Gogo!" Loo! Watu waliruka nje ya maji wakaacha wavu, mmoja akapanda mti na nguo zimemvuka. Gogo likapita katikati yao kwa utulivu. Mzee Seifu akapanda ukingoni anatiririka maji, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Gogo mamba, au gogo gogo?"

"Gogo gogo, mzee."

"Gogo gogo linaitwa mti. Manamba, wewe utatuua kwa Kiswahili."

Walicheka wiki nzima. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Zuberi, ambaye naye alikuwa mtu wa kambini kama mimi, tumefanya kazi toroli moja. Yeye alikuja huku mapema akawahi mkono wake kwenye kamba. Kila akinipita asubuhi alisema, "Bwana Mkaguzi wa Mbao, habari za kazi?" Sikumchukia. Kwenye ile kamba zaidi ya nusu tulikuwa watoto wa kambi na watoto wa watu wa reli tuliokua nao kambini, na utani ndio chakula tulichohama nacho.

Niliyojifunza ukingoni yachukueni, hayana kodi. Usitazame maji yaliyo mbele yako, hayo yameshafika, huna la kuyafanya. Tazama kona. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia, na kila mara ukitazame, maana jicho la mtu hudanganywa na mto unaopanda taratibu. Povu jeupe ni la upepo, liache. Povu la rangi ya chai ya maziwa ni la udongo wa milimani, simama. Mdiria, yule ndege mla samaki, akiacha kijiti chake cha chini akahamia cha juu, na wewe usibaki ulipo. Na zaidi ya yote sikiliza. Watu hudhani hatari ya mto ni kelele. Mto ukiwa mdogo unapiga kelele kwa sababu unagombana na mawe. Ukinyamaza ghafla, mawe yameshafunikwa.

Jambo jingine nilifundishwa na mama mmoja wa Lumuma aliyekuwa akishuka na vitunguu kuuza mjini. Aliniambia, "Baba, mvua yetu ni mafuriko yenu. Kwetu ikinyesha asubuhi, ninyi mnaanika mahindi jua linawaka, jioni mnaulizana maji yametoka wapi." Nikamuuliza nitajuaje. Akasema vitunguu vyao wanavilima karibu na maji, mvua kubwa ikipiga, ya kwanza kuondoka ni majani ya vitunguu. Nililiweka kichwani. Mzee Seifu nilipomweleza akasema, "Sasa unataka tuvue kachumbari."

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa kiangazi, mto mdogo, maji ya kiunoni, jua la saa nane linachoma. Hatukuwa na neno la mafuriko, maana masika hatukuvua, na kiangazi mafuriko hayakutarajiwa. Nataka mlielewe hilo. Tulikuwa na neno la mamba na neno la samaki na neno la mti. La mto wenyewe kugeuka hatukuwa nalo.

Kamba ilikuwa nzito. Nilikuwa nawasikia kutoka juu. "Vipi huko?" "Maji tu!" "Na huko?" "Maji tu, maji matupu!" Sauti zilikuwa na kicheko ndani yake. Mzee Seifu alikuwa kwenye kina, kifuani, ameshika mti wake na kamba yake ameizungusha kwenye kiganja kama kawaida yake. Zuberi alikuwa wa kwanza upande wa ukingo, kamba begani.

Nikaona jani. Refu, la kijani, tupu kama mrija. Nikalitazama linapita. Likaja la pili, kisha kundi zima, yamefungamana na mizizi yake. Vitunguu. Nikatazama kijiti changu, kilikuwa kimesimama ndani ya maji. Halafu mto ukanyamaza.

Nikasimama nikaita, "Maji! Maji!"

Zuberi akajibu kwa furaha bila kuinua kichwa, "Maji tu!"

"Maji jamani! Maji!"

"Maji matupu!" wakaitikia wote, na kamba ikavutwa kwa mpigo mmoja.

"Maji yanakuja!"

Mzee Seifu akaangua kicheko, nilikisikia hadi kule juu. "Enhe! Manamba leo kajua lugha! Yanakuja, baba, yanakuja!"

Wanangu, sijawahi kupata hofu kama ile. Nilikuwa nasema kweli na kila mtu ananielewa vibaya, na kila nilivyozidi kupaza sauti ndivyo walivyozidi kufurahi, kwa sababu mtazamaji anayeita maji kwa nguvu namna ile lazima ameuona wavu umetuna kutoka juu. Nilipunga mikono, wakadhani nashangilia. Pale kwenye kona nikaona kichwa cha mafuriko, cha kahawia, kimebeba matete na matawi, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, hakina haraka na hakisimami. Mdomo wangu ukafunguka, na lililotoka sikulichagua mimi. Lilitoka kambini, kwenye mteremko, kwa baba yangu.

"Reli!"

Zuberi aliruka. Hakuuliza, hakutazama, aliruka pembeni na kamba yake begani kama alivyoruka mara mia shambani, akaangukia ukingoni kwa magoti. Nyuma yake wakaruka wengine, watoto wa kambi wote, watoto wa reli wote, na wale wa hapa walipoona wenzao wanaruka wakaruka nao. Katikati ya mto wetu usio na toroli watu wazima waliruka kukwepa toroli. Lilipopita, watu wote wa kamba walikuwa juu ya ukingo.

Isipokuwa mtu mmoja. Mzee Seifu hakuwahi kukanyaga shamba la mkonge. Kwake reli ilikuwa ya treni, nayo iko Kilosa mjini. Nilimwona amesimama na mti wake, ameinua uso kuniuliza nasema nini, na maji yakamchukua akiwa bado anauliza.

Niliteremka ukingo ule kwa makalio. Zuberi alikuwa ameshaanza kupiga kelele kwamba kamba inavuta, kamba bado ina uzito! Mzee alikuwa hajaachia. Ile kamba aliyoizungusha kwenye kiganja, ambayo tulimkanya kila siku, sasa ilikuwa imemshika yeye. Tukavuta. Hakuna aliyepanga mstari. Nyuzi zilikatika huku na kule, wavu ukawa unararuka kama nguo kuukuu, matete yakaujaza, na kila ulipolegea tulijua kuna kipande kingine kimeondoka. Zuberi alikuwa akilia wazi huku anavuta. Mimi nilikuwa nasema, "Subhanallah," na mimi ni Mkristo.

Alitoka akiwa amefungwa ndani ya wavu na matete, kiwiko kimechubuka, macho mekundu. Tukamlaza kifudifudi mchangani, Zuberi akamminya mgongo, na maji yakamtoka mdomoni na puani. Akakohoa. Binti yake Mwanahawa alikuwa shambani jirani, akaja mbio jembe mkononi, akapiga kelele, "Baba! Mmepatwa na nini? Mmepatwa na nini jamani?"

Mzee Seifu akainua uso wenye mchanga, akatapika tena, akasema, "Maji tu."

Hapo ndipo tulipocheka, na kulia, na kukumbatiana tukiwa tumelowa. Nilipotulia nikagundua viganja vyangu vinatoka damu. Nilikuwa nimeshika kamba muda wote ule na sikukumbuka kwamba sikuruhusiwa.

Kesho yake alituita kwake. Mkono ameufunga kitambaa, sauti imekauka. Akasema, "Neno letu limetusaliti. Tumelituma kudanganya miaka yote, siku tulipolihitaji liseme kweli, hatukuliamini." Akasema samaki ataendelea kuitwa maji, hiyo ni mila ya baba zake, ila mto ukijaa litumike lile neno la Manamba. Mmoja akapinga kwamba huku hakuna reli. Mzee akamjibu, "Jana ilikuwepo. Imenipitia kifuani." Na wale wa hapa ambao hawakuwahi kufika kambini tukawafundisha kuruka. Wiki nzima, mchangani, mimi naita na watu wazima wanaruka, watoto wao wanakufa kwa kicheko. Mzee Seifu mwenyewe aliruka vibaya kuliko wote.

Siku ile aliyotuita alinitazama mikono tena, kama mara ya kwanza, akasema, "Manamba, ukipona urudi kwenye kamba."

Nilikuwa nimelingoja neno lile tangu siku ya kambale. Nililifurahia sana. Ila nilijikuta nauliza, "Na ukingoni atakaa nani, mzee?" Akafikiri. Akataja mmoja, akamfuta mwenyewe. Akataja wa pili, tukacheka wote. Basi nikasema nitakaa mimi. Kuanzia hapo mtazamaji akaanza kutajwa kwenye mafungu kama wengine, na kama mmewahi kujiuliza kwa nini leo mtu wa ukingoni hachukui la mwisho, jibu ndilo hilo.

Wavu wa zamani haukufaa tena. Tukanunua wa nailoni, ilikuwa imeanza kuletwa na wafanyabiashara kutoka Morogoro, myepesi, unakauka haraka. Walituletea na nyavu zenye matundu madogo ya kuokota hata vifaranga vya samaki. Mzee Seifu aliingiza vidole vitatu kwenye tundu, visipopita anarudisha. Mfanyabiashara akamwambia siku hizi soko huria, mzee, kila mtu anunue anachotaka. Akajibiwa, "Huria ni wewe. Samaki hajaambiwa." Naona ninyi siku hizi mnaingiza kidole kimoja, tena kidogo. Nimesema tu, sijagombana na mtu.

Niliacha kazi zilipokuja simu. Sasa mnapigiwa na watu wa juu, "Lumuma inanyesha," mnatoka majini saa nyingi kabla. Ni vizuri, sina wivu. Bado nawaombeni mmoja akae ukingoni, kwa sababu simu huisha chaji na huku kona ya pili hakuna mtandao.

Nimalizie na Mzee Seifu, ndipo nikalale. Uzeeni macho yalimwisha, Mwanahawa akamchukua kukaa naye Magomeni, alikokuwa anauza samaki wa kukaanga. Nilikuwa nampitia kila nikienda mjini. Namwamkia, anaitika, anauliza, "Leo mmepata nini?" Namjibu, "Maji tu, mzee." Anatikisa kichwa. Tulikwenda hivyo miezi mingi, nami nilidhani ninamheshimu.

Siku moja nilimjibu hivyo, hakutikisa kichwa. Akasema, "Manamba, mwiko ni wa mtu aliye mtoni. Mimi mto sitauona tena. Ukiniambia maji, mimi napata maji kweli."

Nikaona aibu hadi miguuni. Nikamshika mkono, ule wenye kovu la kamba, nikaanza kumweleza taratibu kwamba tumepata kambale, na ningu wenye mayai. Akanikatiza.

"Siyo hivyo. Sema kama ulivyosema siku ile ya kambale."

Nikatazama huku na huku. Ua lilikuwa na wateja wa Mwanahawa, watu na heshima zao wanangoja samaki wao. Nikavuta pumzi, nikasimama katikati yao, mtu mzima wa wajukuu, nikapiga ukelele hadi kuku wakaruka:

"Samaki!"

Mzee Seifu akacheka hadi machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona. "Umeharibu tena, Manamba," akasema. "Wote wamekimbia."